Posa ya Spana ya Upepo

Sijawahi kuwa na mke mwenza wa damu na nyama. Niliyekuwa naye alikuwa wa chuma, mzito kama mtoto aliyekwisha kuota meno, na walimfunika kwa kanga yangu mimi mwenyewe ya harusi. Watu wakicheka ninapoyasimulia haya huwa nawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha nawaambia kwamba yule mwenzangu ndiye aliyenirudishia mume.

Niliolewa Ugweno, juu kidogo ya Shighatini, kwenye ukoo wa wahunzi, wakati sura ya Malkia ndiyo kwanza imechukua nafasi ya sura ya baba yake kwenye sarafu. Tulifunga ndoa kanisani, tukaimba, tukala, na kabla maua ya mezani hayajanyauka vizuri mume wangu akabeba sanduku lake akateremka Same. Alikuwa fundi katika gereji moja huko, kazi yake kufungua na kufunga magurudumu ya malori. Aliniambia atakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuja peke yake. Mwezi uliofuata alifika Jumamosi jioni, akaondoka Jumapili mara tu baada ya ibada, na makande niliyompikia ya jioni nikayala mwenyewe kwa hasira.

Niseme wazi: nilimpenda mtu yule, na nilikasirika kila siku ambayo hakuwepo. Nililima shamba la mama yake, nikachota maji, nikakata majani ya ng'ombe, na usiku nikalala na ukuta. Wanawake wenzangu waliniambia nitazoea, ndivyo walivyo waume wenye kazi za mshahara. Sikutaka kuzoea.

Naye hakutaka. Kila alipokuja alinieleza ndoto yake. Malori yalikuwa yameanza kupanda Ugweno kufuata kahawa, na barabara ile ilitoboa matairi bila huruma. Madereva walikaa siku nzima njiani wakigonga nati zenye kutu kwa mawe. Yeye alikwisha kuona, kwa mafundi wa jeshi waliopita Same, spana inayoendeshwa kwa upepo. Unaielekeza kwenye nati, unabana kidole, inanguruma, nati imetoka kabla hujamaliza kupiga chafya. "Nikiwa na ile hapa nyumbani," aliniambia, "sitayafuata malori. Malori yatanifuata mimi, na jioni nitakula makande yako yakiwa ya moto."

Shida ilikuwa baba yake. Ua lilikuwa lake, kiwanda cha uhunzi kilichokuwa uani kilikuwa chake, na mshahara wa Same ndio uliolipa kodi yake na kumwezekea nyumba bati. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye ndevu nyeupe na mikono iliyoungua kila mahali, na alipenda kusema hapana kabla ya kusikia swali. Mume wangu alipomwomba sehemu ya ua afungue gereji, mzee aliendelea kugonga jembe lake bila kuinua uso.

"Sisi tunafua," akasema. "Hatufungui."

"Lakini spana hii, baba, ndani yake mna nyundo."

Mzee akaacha kugonga. "Nyundo? Ndani?"

"Ndani kabisa. Inazunguka huku inapiga. Hiyo ndiyo inayoilegeza nati."

"Na nani anayeishika hiyo nyundo?"

"Hakuna. Inasukumwa na upepo."

Baba mkwe akaweka koleo chini. Akaitazama nyundo yake, akaitazama mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi iliyolala kando ya moto. Ukoo ule tangu zamani haukuwa na kitu kingine duniani ila hivyo viwili, nyundo na upepo. "Kitu hicho ni chetu," akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Wazungu wamekichukua wapi?"

Tangu siku hiyo akawa hana usingizi. Alitaka spana ile kuliko mwanawe alivyoitaka. Ila alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kwa kuwa ilikuwa na nyundo ndani, haikuweza kununuliwa dukani hivi hivi. Katika kiwanda kile nyundo kubwa huposwa. Wanakwenda wazee, anakwenda shangazi kukagua, inapelekwa pombe ya miwa ambayo kwetu tunaiita dengelua, na ikiletwa inapokewa kama bibi harusi. La pili, itafanya kazi yake ya kwanza mbele ya watu. Ikifungua nati, mwanawe atabaki nyumbani na gereji yake. Isipofungua, atarudi Same na habari hiyo haitatajwa tena. Nililisikia sharti la pili nikiwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, na nikahisi shingo inazama.

Siku ya posa tuliteremka mpaka Mwanga tukapanda basi kwenda Same: baba mkwe, shangazi wa mume wangu, mimi wa kubeba kibuyu cha dengelua, na beberu mmoja mweusi. Mume wangu alitupokea stendi amevaa shati la harusi yetu. Katika posa za kwetu bwana harusi hasemi neno mbele ya wazazi wa binti. Akifungua mdomo, posa imevunjika na mbuzi amerudi nyumbani. Mke wa kubeba kibuyu naye hasemi. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mpole aliyeuza vyuma vilivyobaki kambini baada ya vita. Alipoona tunaingia na beberu alidhani tumepotea njia ya mnadani. Baba mkwe akamsalimia kwa heshima zote, akamwita mkwe, akamkabidhi kamba ya mbuzi. Mtu yule hakuwa anakula nyama kabisa, lakini alikuwa na adabu, akaishika kamba.

"Tumesikia una mabinti," akasema baba mkwe.

"Nina wanangu wa kiume tu," akajibu mwenye duka kwa wasiwasi.

Mume wangu, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema, alinyoosha kidole rafuni. Zilikuwapo spana za upepo tatu. Mwenye duka akaelewa nusu, akazipanga juu ya meza, na shangazi akakunja mikono ya gauni.

Shangazi huyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuwaita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na hakuna msichana aliyeolewa kwenye ukoo ule bila kupita mikononi mwake. Mimi alinikagua mpaka meno. Akaanza na spana kubwa, yenye mipini miwili. Akajaribu kuiinua, akaguna. "Huyu anataka kuolewa na wanaume wawili," akasema, akairudisha. Ya pili ilikuwa ndogo, inang'aa, inakaa kiganjani. "Huyu ni wa baiskeli. Hajawahi kushika kazi." Ya tatu ilikuwa ya katikati, ina mpini mmoja kama wa bastola, rangi imebambuka na ubavuni ina kovu refu. Shangazi akaipima uzito kwa mkono mmoja, akaichungulia tundu la kuingizia upepo, akainusa, akaibonyeza pale pa kidole.

"Huyu alikuwa wapi?"

"Kambi ya jeshi," akasema mwenye duka.

"Ameshawahi kuwa na mume?"

Mwenye duka akafikiri. "Mafundi wengi wamemshika."

Shangazi akakunja uso. Baba mkwe, ambaye macho yake yalikuwa hayajabanduka kwenye spana ile, akaingilia haraka. "Ni mjane," akasema. "Vita vilikuwa vibaya."

Kumbe ndiyo ile ile mume wangu aliyoitaka. Alikuwa ameniambia kabla: kubwa itamvunja mgongo mtu anayefanya kazi peke yake, ndogo haitazitikisa nati za lori, ya katikati ndiyo yenye nguvu ya lori na uzito wa mtu mmoja. Wazee walikuwa wamefika palepale kwa njia isiyo na akili hata kidogo. Nikamwona mume wangu anatabasamu, nami moyo ukanitulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ndipo mwenye duka akafungua mlango wa nyuma. Uani palikuwa na mashine yenye magurudumu, tumbo kubwa la chuma na mpira mrefu uliojizungusha. "Na hii muichukue pamoja," akasema.

"Hii ya nini?"

"Ya upepo. Spana inakula upepo. Mashine hii ndiyo inayoushindilia. Ngoja niiwashe muone."

"Usiwashe!" akafoka shangazi. "Binti hafanyishwi kazi kwao mbele ya wakwe."

Baba mkwe alikuwa bado anaitazama ile mashine. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamwingia ndevuni. "Mimi," akasema, "nimetoka Ugweno, kwenye upepo unaolaza migomba chini, nimeacha mivukuto ya babu zangu nyumbani, nije Same, ambako hata jani halitikisiki, ninunue upepo?"

Mume wangu akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayekata roho, akatoa macho akiitazama mashine. Shangazi akamwambia aende akanywe maji. Mume wangu aliponitazama nikaelewa yote: bila lile tumbo la chuma, tulikuwa tumeposa jiwe. Sikuruhusiwa kusema. Basi nikaachia kibuyu cha dengelua kianguke mlangoni, nikidhani pombe ya posa ikimwagika kila kitu kitasimama na tutarudi siku nyingine na akili zetu.

Shangazi akapiga kigelegele. "Imemwagika mlangoni! Mizimu imekunywa! Posa imekubaliwa!"

"Lakini bila mashine..." akaanza mwenye duka.

Baba mkwe akamwekea mkono begani. "Mkwe," akasema kwa upole, "usijisumbue. Mtoto wako hatalala njaa kwetu."

Tulipoondoka mwenye duka alikuwa amesimama uani na beberu wetu, amemfunga kwenye mguu wa ile mashine. Nadhani hakujua mahali pengine pa kumfunga.

Shangazi alimbeba bibi harusi mgongoni kwa mbeleko. Ndani ya basi mama mmoja wa Kimasai akaomba amwone mtoto. Shangazi akafunua. Yule mama akatazama kwa muda mrefu, akatazama uso wa shangazi, kisha akamtemea mate mepesi ya baraka kama wafanyavyo kwa watoto wachanga, akageukia dirishani na hakusema tena mpaka Mwanga.

Nyumbani walimpokea kwa nyimbo. Walitafuta nguo ya kumfunika, na nguo nzuri kuliko zote katika ua lile ilikuwa kanga yangu. Wakaichukua bila kuniuliza. Nilisimama pembeni nikiwa nimevimba, nikimtazama mume wangu akikalishwa kwenye kigoda karibu na chuma kilichovaa nguo yangu. Baba mkwe aliomba sala ndefu ya kanisani, amina, na amina haijapoa akachovya mkono kwenye dengelua akamnyunyizia. Wakampaka mafuta ya nyonyo. Hilo angalau lilimfaa, maana alikuwa mkavu.

Kisha mzee akasimama akatoa sheria ya kiwanda, na nililishika kila neno, pengine kwa sababu ya hasira. "Nyundo mpya haiachwi peke yake," akasema. "Babangu alipoleta nyundo ile kubwa, alikaa nayo mpaka ilipofua jembe lake la kwanza. Hakwenda mnadani, hakwenda vitani, hata msiba wa mjombake hakwenda. Nyundo iliyopokewa na kuachwa na mumewe kabla ya kazi yake ya kwanza huleta moto kwenye mapaa. Asiyejua ajue." Watu wote wakaitikia. Mimi niliyeachwa na maua hayajanyauka niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na hakuna aliyenielewa.

Kazi ya kwanza haikuchelewa. Lori la kahawa liliharibikiwa karibu na ua letu, gurudumu la nyuma limepasuka, nati zote zimetoka isipokuwa moja iliyoshikwa na kutu. Dereva, mtu wa Same aliyemjua mume wangu, alikuwa amekwisha kuitukana nati ile kwa lugha zote. Baba mkwe akamwambia asiiguse tena, imepata mwenyewe.

Baragumu likapigwa. Kwetu likipigwa hivyo ni msaragambo, kazi ya watu wote, na watu huja na majembe kutengeneza mfereji au njia. Safari hii mzee alituma neno kwamba wasije na majembe. Waje na mivukuto. Wakaja wahunzi wa vilima vyote vya jirani, kila mmoja na mivukuto yake kwapani, wengine na ngozi bado zina manyoya. Mume wangu alikuwa bado kwenye ruhusa aliyoiomba gerejini kwa ajili ya posa. Alizunguka lori lile mikono nyuma. Sasa aliruhusiwa kusema, na alisema. Alieleza kwamba upepo unaohitajika si wa kuwasha makaa, ni upepo ulioshindiliwa mpaka umekasirika. Wahunzi wakamwambia wataukasirisha.

Walichukua pipa tupu la mafuta ya taa, wakalitoboa matundu pande zote, wakachomeka mivukuto yote, wakaziba kwa udongo uliochanganywa na utomvu wa migomba. Upande wa juu wakaunga mpira wa maji wa dereva, na mwisho wa mpira wakamvika bibi harusi. Mume wangu akamshika, akaielekeza soketi kwenye nati, akafumba macho. Nami nilifumba. Nilikuwa nikiomba kwa Mungu wa kanisani, na kwa wale waliokunywa dengelua mlangoni kwa Mhindi, yeyote atakayewahi.

"Vuta!" akapiga kelele baba mkwe.

Mivukuto yote ikaanza kupanda na kushuka. Wanawake wakaimba kuwapa mwendo. Pipa likaguna. Udongo ukaanza kutokota kama uji, majivu ya miaka mingi yakatoka kwenye ngozi yakapita ndani ya pipa, na harufu ya mbuzi na mafuta ya taa ikafunika kijiji. Mpira ukasimama kidogo, ukalala, ukasimama. Wahunzi walitoka jasho mpaka miguuni. Na yule bibi harusi, baada ya kungojewa sana, akasema, "Tk."

Kutoka kwenye tundu la pembeni kikadondoka kitu cheusi. Shangazi akakimbilia, akainama, akapiga kigelegele. "Amezaa!"

Watu wakasukumana kutazama. Alikuwa mende mkavu, wa tangu kambini bila shaka. Kukazuka ubishi mkubwa. Wengine walisema kazi ya kwanza imefanyika, kwa kuwa kitu kimetoka ndani kwa nguvu ya upepo. Wengine wakasema mende hana hesabu. Mzee mmoja akauliza kama mende wa jeshi si ishara. Baba mkwe alisimama katikati, uso umemwiva kwa aibu, maana ukoo mzima ulikuwa umemwona. "Hiyo si nati," akasema mwishoni. "Vuteni tena." Wakavuta tena, udongo ukapasuka, na pipa likawapulizia wote majivu nyusoni.

Nati ile ilifunguliwa na shangazi. Dereva, aliyechoka kungoja, alitia wilispana yake, spana ya kawaida ya mkono, akachomeka bomba refu kwenye mpini wake, akaomba mtu mzito akalie ncha ya bomba. Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Shangazi akakaa, chuma kikalia, nati ikaachia, na shangazi akaketi chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisani. Gurudumu likabadilishwa muda si muda, na watu wakawa wanakung'uta majivu bila kutazamana.

Baba mkwe hakutazama lori. Alimtazama mwanawe. "Kesho unateremka Same," akasema. "Na tusisikie tena habari ya gereji hapa."

Mume wangu akainamisha kichwa. Alikuwa bado amemkumbatia yule bibi harusi mikononi, na kanga yangu imetapakaa majivu. Nikaona safari zote zile zinarudi: sanduku, Jumapili baada ya ibada, makande yaliyopoa, ukuta. Nilijua kwamba nisiposema wakati huo sitasema tena maishani. Nikapita katikati ya wahunzi, nikapiga goti mbele ya mzee, maana kupiga goti ndiko kulikonipa haki ya kusema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Naomba niulize. Huyu wa mikononi mwa mume wangu, mmempokea au hamkumpokea?"

"Tumempokea. Umeona mwenyewe."

"Amefanya kazi yake ya kwanza?"

Mzee akasita. "Hajafanya."

"Basi mume wake anakwenda wapi kesho?"

Hata dereva, ambaye hakujua ninasema nini, alizima injini. Nikaendelea. "Baba, mimi nilipokelewa kanisani, na niliachwa. Hamkuona neno, kwa kuwa sina nyundo ndani. Sawa. Lakini huyu mmemfunika kanga yangu, mkamwagia dengelua, mkatwambia akiachwa mapaa yatashika moto. Bati lako ni jipya, baba. Sisi wake zako wawili, mimi na huyu, tukae na nani?" Nilikosea hapo, nilitaka kusema wake za mwanao, lakini hakuna aliyecheka.

Shangazi alikuwa bado chini vumbini. "Anasema kweli," akasema. "Ndiyo sheria. Uliitoa mwenyewe."

Baba mkwe akawatazama wahunzi. Wahunzi, waliokuwa wameaibika na majivu, walifurahi kupata jambo moja wanalolijua. Wote wakaitikia kwamba ndiyo sheria. Mzee akashika ndevu. Alikuwa ametegwa na mdomo wake, na alikuwa mtu wa haki kiasi cha kukubali, na mkaidi kiasi cha kutia neno la mwisho.

"Atakaa," akasema. "Hatafungua gereji, gereji imekufa leo. Atafanya vijikazi vya uani amngojee huyu. Na siku huyu atakapofungua nati moja, moja tu, kwa upepo, mume yuko huru, na siku hiyo hiyo anateremka Same kwenye mshahara. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba," nikasema, na nikamwomba mume wangu aniletee kanga yangu niifue.

Hakuteremka kesho yake. Aliketi uani, bibi harusi kwenye kigoda kando yake, akatengeneza cherehani ya jirani. Kisha baiskeli ya mwalimu. Kisha madereva wakajua kwamba juu kule kuna fundi mwenye wilispana, bomba refu na shangazi, na malori yakaanza kusimama. Hatukuiita gereji. Tuliiita kungoja. Nikazaa mtoto, nikazaa mwingine, na kila mwaka baada ya mavuno ya kahawa baba mkwe alikuja akamtazama yule wa kwenye kigoda.

"Bado?"

"Bado, baba," mume wangu alijibu.

"Mtie mafuta," mzee alisema, akaondoka.

Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Same, ingawa watu walikwisha kuanza kuitazama kwa jicho la kuagana, siku yule dereva wa kahawa aliposimamisha lori mbele ya ua akiwa na mzigo uliofunikwa turubai. Mwenye duka alikuwa anahamia kwa wanawe pwani, akasema, na alikuwa na deni la adabu kwa wakwe zake wa Ugweno, waliompa mbuzi aliyemfuga mpaka akafa kwa uzee. Dereva akafunua turubai. Ilikuwa ile mashine, tumbo lake la chuma, magurudumu yake, mpira wake mrefu. Kwenye mguu mmoja kulikuwa bado na kipande cha kamba ya beberu wetu.

"Ni bure," akasema dereva. "Niishushie wapi?"

Mume wangu akaikaribia. Alifuta mikono kwanza, akaweka kiganja kwenye lile tumbo, akagusa bomba, akafungua koki akaifunga. Nilimjua mtu yule. Alikuwa ameota mashine ile tangu kabla hajanioa. Nilisimama mlangoni nikiwa na mwiko mkononi na sikuweza kusogea. Baba mkwe alikuwa barazani juani, amezeeka, miguu haimbebi tena, lakini masikio yalikuwa mazima.

Mume wangu akafunika turubai. "Rudi nayo," akamwambia dereva. "Hatuna nafasi."

Dereva akatazama ua letu. Ua lile lilikuwa tupu toka mgombani mpaka barabarani, malori matatu yangeweza kugeuza humo. Akafungua mdomo kubisha, lakini sauti ya barazani ikamtangulia.

"Husikii?" akasema baba mkwe. "Ameshakwambia. Hapa hakuna nafasi."

Nikarudi jikoni kuongeza maji kwenye makande, maana dereva angekula nasi.